Tshombe alikuwa kontable, lakini hesabu ilikuwa ya nani?



Leo sitaandika juu ya mahindi ao mbolea, hata kama njo kazi yenye nilisomea. Nitaandika juu ya mutu mwenye sanamu yake inasimama katikati ya muji wetu wa Lubumbashi, na wengi wetu tunapita pale bila kuinua macho: Moïse Tshombe. Nieleze kwanza ginsi nilifika kwake.

Mwaka jana mimi na rafiki yangu tulipeleka dosie ku kampuni moja. Promosio moja, lisansi moja, hata pointi zake zilikuwa juu ya zangu. Mutu wa ofisi alimuuliza: «Weye uko wa wapi?» Akajibu: «Wa Lubumbashi.» «Hapana, kwenu kabisa ni wapi?» Rafiki yangu alizaliwa hapa, komini ya Kenya. Baba yake alizaliwa Kenya vilevile. Lakini nkambo wake alikuja na treni kutoka Kasai. Aliposema vile, karatasi yake iliwekwa upande. Mimi waliniita kwa staje. Yeye mupaka leo hawajamuita.

Jioni moja kisha pale tulikaa watu watano ao sita, tunaongea juu ya shomeri na ginsi feza za migodi zinapotea. Mumoja wetu akasema: «Tshombe alikuwa kontable, alijua hesabu. Kama Katanga ingebaki peke yake, sisi batoto ya hapa hatungekuwa tunatembeza madosie.» Tukacheka, tukakubali. Rafiki yangu alilipa kinywaji chake, akasimama, akaenda.

Neno lile lilibaki mu kichwa yangu. Kwamba Tshombe alikuwa kontable ni kweli kabisa. Basi nilianza kusoma na kuuliza wazee, ili nione hesabu yake ilikuwa ya namna gani. Hii njo ile nimepata.

1. Mutoto wa Musumba

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 kule Musumba, muji wa kifalme wa Walunda, fasi ya Mwant Yav. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mufanyabiashara mukubwa, mumoja wa Wakongo wachache wenye walitajirika wakati wa ukoloni. Moïse alisoma kwa wamisionere Wametodiste kutoka Marekani, kisha akajifunza kazi ya kontable. Alioa Ruth Matschik, binti ya Mwant Yav. Kwa hiyo alikuwa na feza upande wa baba, na ufalme upande wa bibi.

Leo tukisikia «kontable», tunaona kijana mwenye kukaa mbele ya mashini katika ofisi fulani, anangojea mwisho wa mwezi. Wakati ule ilikuwa neno kubwa. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, na kile cha Elisabethville, chenye sisi tulitokea, kilianza 1956. Mbele ya pale, Mukongo mwenye akili aliweza kuwa padri, mwalimu, musaidizi wa daktari, karani ao kontable. Barabara ilikuwa inaishia pale. Jason Sendwe, mwenye kisha alikuwa mupinzani mukubwa wa Tshombe, alikuwa musaidizi wa daktari. Lumumba alikuwa karani wa posta. Siku ya uhuru ilipofika, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika ku vidole. Sisi wenye kulalamika kwamba lisansi haina kazi tena, tukumbuke kwamba wale walipewa inchi nzima waiongoze na hawakukuwa hata na hiyo.

Baba alipokufa mwaka wa 1951, Moïse aliachiwa biashara. Na hapa kuko kitu chenye wenye kumupenda hawakitaji sana: biashara haikusimama. Ilianguka, na si mara moja tu. Alijua kuandika hesabu, lakini maduka hayakukubali. Mimi simucheki. Shamba langu la kwanza la nyanya lilikufa lote kwa ugonjwa wenye nilieleza muzuri sana mu memwari yangu. Kujua kitu na kukiendesha ni mambo mawili.

Mwaka uleule wa 1951 aliingia katika Baraza la jimbo la Katanga, fasi yenye Wabelgiji waliweka Wakongo wachache. Duka lilimushinda, siasa ikamupokea.

2. Nani ni mwenye inchi?

Ili kuelewa siasa ile, inafaa kuanza na shaba. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa 1906. Ilikuwa na madini mengi na watu wachache wa kuichimbia. Ilitafuta wafanyakazi mbali: Rhodesia, Rwanda na Burundi, na zaidi sana Kasai. Njia ya reli ya B.C.K. ilipounganisha Katanga na Port-Francqui, yenye leo ni Ilebo, mwaka wa 1928, treni zilileta watu wa Kasai pamoja na bibi na watoto wao. Kampuni ilitaka wakae. Walikaa. Watoto wao walisoma, wakawa makarani, waalimu, mafundi.

Mwezi wa Desemba 1957 Wabelgiji walipanga uchaguzi wa kwanza wa komini katika miji mikubwa. Kule Elisabethville, wakubwa wa komini za Waafrika wenye walichaguliwa, wengi wao walitoka nje ya Katanga. Wenyeji walishituka. Mwezi wa Oktoba 1958 wakaanzisha Conakat, muungano wa vikundi vya «Wakatanga wa kweli». Godefroid Munongo alikuwa mumoja wa vichwa vyake, na mwaka wa 1959 Tshombe akakuwa prezida wake.

Malalamiko yao hayakuwa uongo mutupu. Mutu wa kijiji cha Katanga aliona shaba inatoka chini ya udongo wa wazee wake, na kazi nzuri inaenda kwa mwingine. Ile inauma, na hata leo inauma. Lakini tuangalie neno «wa kweli». Munongo alikuwa wa ukoo wa Msiri, mufalme wa Bayeke. Na Msiri alitoka wapi? Alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, akafika Katanga katikati ya miaka ya 1800 kwa biashara ya pembe na shaba. Kwa hiyo ukoo wenye ulifika na msafara ulikuwa umekuwa «wenye inchi» kisha miaka mia moja, na familia zenye zilifika na treni ziliambiwa ni wageni. Mimi sisemi Munongo hakuwa Mukatanga. Alikuwa kabisa. Nasema tu kwamba mustari kati ya mwenyeji na mugeni haukuchorwa na Mungu. Kuko mutu mwenye aliuchora, na alikuwa na sababu zake.

Tena mustari ule haukuishia kwa watu wa Kasai. Baluba wa Katanga yenyewe, wa kaskazini, walikuwa kwanza ndani ya Conakat. Mwisho wa 1959 chama chao, Balubakat cha Sendwe, kilitoka. Wale walikuwa wenyeji kamili, hakuna mwenye aliweza kuwaambia warudi kwao. Pale nyumba ya «Wakatanga wa kweli» ilikuwa tayari imepasuka, na uhuru ulikuwa haujafika.

3. Viti 25 na viti 23

Mwezi wa Mei 1960 watu walipiga kura. Katika Baraza la Katanga lenye viti 60, Conakat ilipata 25, na upande wa Balubakat ulipata 23. Fanyeni hesabu wenyewe: hakuna mwenye alikuwa na nusu. Conakat ilipata wajumbe wengine wa kuiunga mukono, lakini sheria ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Watu wa Balubakat wakasusia vikao, kazi ikasimama. Basi kule Brussels, katikati ya Juni, wiki mbili mbele ya uhuru, wakabadilisha ile sheria. Conakat ikafanya serikali yake yenyewe, na Tshombe akakuwa prezida wa jimbo.

Ninakaa kidogo juu ya namba hizi kwa sababu tunapenda kusema «Katanga ilitaka kujitenga». Katanga gani? Karibu nusu ya baraza ilikuwa upande mwingine.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi. Wazungu wakakimbia, majeshi ya Ubelgiji yakaingia. Tarehe 11 Julai 1960, jioni, Tshombe akatangaza ku radio kwamba Katanga ni inchi ya kujitegemea. Inchi ya Kongo ilikuwa na siku kumi na moja tu.

4. Inchi yenye ndizi ku feza yake

Nkambo wangu, baba ya mama, alikuwa na miaka 18 wakati ule. Kisha alifanya kazi miaka mingi ku izini ya shaba, chini ya ile shimine yenye wote tunaijua. Mbele ya kufa aliniachia franga moja ya Katanga ya mwaka wa 1961. Upande mumoja kuko ndizi, upande wa pili kuko ule musalaba wa shaba wenye wazee walitumia kama feza zamani. Kama mutu wa kilimo nilimuuliza: «Nkambo, sababu gani ndizi? Katanga iliishi na shaba.» Alicheka: «Uliza bale benye kuichapa.»

Franga ile ilikuwa ya kweli. Serikali ya Tshombe ilikuwa na benki yake, bendera yake, stempu zake, jandarmeri yake. Na hapa lazima tukubali: kontable alijua kazi. Katanga ilikuwa inatoa sehemu kubwa sana ya mapato ya Kongo nzima. Tshombe alifahamu kwamba mwenye kupokea kodi ya Union Minière njo mwenye serikali. Kampuni ikaacha kulipa Léopoldville, ikamulipa yeye. Zaidi ya hotuba zote na zaidi ya bendera, ile njo ilifanya kujitenga kuishi miaka miwili na nusu. Mishahara ilitoka, masoko yalifunguliwa. Nkambo alisema kila mara: «Wakati ya Tshombe tulikula.» Sitamusahihisha. Alikula.

Lakini siku moja nilimuuliza juu ya kambi ya Baluba, akanyamaza. Nikauliza tena, akaniambia niende kumuletea maji.

Kambi ile ilizaliwa mwaka wa 1961, hapa hapa mu muji. Baluba walikimbia nyumba zao kwa kuogopa kukamatwa na kupigwa, wakaomba ulinzi kwa askari wa ONU. Walifika makumi ya maelfu, wakalala katika vibanda vya maturubai na makaratasi. Kaskazini ya Katanga, jandarmeri ya Tshombe na askari wa kulipwa, wale wazungu wa mersenere, walichoma vijiji vyenye vilikataa serikali yake. Vijana wa Balubakat nao waliua. Watu wale wote walikuwa watu wa Katanga. Katika hesabu ya shaba hawakukuwa na fasi, wakaandikwa upande wa hasara.

Na tarehe 17 Januari 1961 ndege ilileta hapa Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wenye kufungwa kamba na kupigwa. Usiku uleule waliuawa ku pori, njia ya kuelekea Likasi, fasi inaitwa Shilatembo. Tshombe na mawaziri wake walikuwepo, na maofisa Wabelgiji walikuwepo. Mwezi wa Februari Munongo akatangaza kwamba wamekimbia na wanakijiji wamewaua. Hakuna mwenye aliamini. Mwaka wa 2022 jino la Lumumba liliporudishwa kutoka Ubelgiji, lilipitishwa na hapa kwetu mbele ya kuzikwa Kinshasa. Mimi nilisimama ku barabara nikaona watu wazima wanalia. Mwili mzima wa Waziri wa Kwanza wa inchi, kilichobaki ni jino.

Inchi ya Katanga haikutambuliwa hata na serikali moja ya dunia. Hata Ubelgiji, yenye ilituma maofisa, haikuitambua kwa karatasi. Askari wa ONU walipigana nayo Septemba na Desemba 1961. Dag Hammarskjöld, katibu mukuu wa ONU, alikufa na ndege yake karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, akienda kuonana na Tshombe. Vita vya mwisho vilianza Desemba 1962, na Januari 1963, pale Kolwezi, Tshombe akakubali kwamba imekwisha. Akaenda Ulaya.

5. Karatasi ileile, jina lingine juu

Hapa njo fasi yenye ilinishangaza zaidi, na njo sababu nimeandika yote haya.

Mwaka wa 1964 Kongo ilikuwa inawaka. Maasi ya Simba yalichukua sehemu kubwa ya mashariki. Prezida Kasavubu alitafuta mutu mwenye nguvu, na mwezi wa Julai akamuita nani? Tshombe. Mutu mwenye alikata inchi akapewa inchi yote, akakuwa Waziri wa Kwanza kule Léopoldville. Aliita tena jandarme wake wa Katanga, akaleta tena mersenere, na tarehe 24 Novemba 1964 paratrupa wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Wazungu wenye walishikwa mateka, majina yao yalihesabiwa. Wakongo wenye walikufa siku zile, hakuna mwenye aliwahesabu muzuri. Inchi nyingi za Afrika zilikataa kukaa naye meza moja.

Lakini kuko tendo lake moja la ukontable lenye tunalisahau. Tarehe 27 Juni 1960, siku tatu mbele ya uhuru, Wabelgiji walivunja Comité Spécial du Katanga, shirika lenye lilikuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière. Kuvunja shirika lile kulimaanisha kwamba inchi mupya haitarithi ile sauti. Ilikuwa kama kukupa nyumba na kubakiza funguo. Hisa za Kongo katika makampuni, ile waliita portefeuille, zilibaki Brussels miaka yote ile, pamoja na maneno ya madeni ya kikoloni.

Tshombe njo alienda kuzidai. Tarehe 6 Februari 1965 alitia saini mukataba na Paul-Henri Spaak, waziri wa mambo ya inje wa Ubelgiji. Kongo ikapata hisa zake, na inchi mbili zikagawana muzigo wa madeni ya zamani. Wazee wa Kinshasa wanasimulia mupaka leo ginsi alirudi na kuonyesha watu ule mukoba, na watu wakapiga kelele ya furaha. Wenye kujua mambo wanasema hakupata yote yenye tulikuwa na haki nayo. Inawezekana. Lakini alipata kitu chenye wengine walishindwa, kwa sababu alijua kusoma zile karatasi.

Sasa angalieni. Mwaka wa 1960 mutu huyu alisema: shaba ni ya Katanga, Léopoldville inatuibia. Mwaka wa 1965 mutu uleule alienda Brussels kusema: hisa za shaba ni za Kongo nzima, mutupe. Alibadilisha hesabu? Hapana. Mawe ni yale, kampuni ni ile, namba zinakaribiana. Kitu kimoja tu kilibadilika: jina lenye aliandika juu ya karatasi. Rafiki zangu wa sayansi ya uchumi wamenieleza kwamba njo kitu cha kwanza mwanafunzi wa kontabilite anafundishwa: mbele ya namba yoyote, andika hesabu hii ni ya nani. Ukikosea pale, jumla itatoka sawa, na kitabu chote kitakuwa cha uongo.

6. Mwisho wake

Chama chake kipya, Conaco, kilishinda uchaguzi wa 1965: viti 122 kati ya 167. Kasavubu aliogopa, na tarehe 13 Oktoba akamufukuza. Alimuweka Évariste Kimba, mutoto mwingine wa Katanga, lakini bunge likamukataa. Wakati wale wawili wanavutana, Mobutu akachukua inchi tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka wenye ulifuata Kimba alinyongwa mbele ya watu. Tshombe alikimbilia Hispania. Mwezi wa Machi 1967 Kinshasa ikamuhukumu kufa bila yeye kuwepo. Tarehe 30 Juni 1967, siku ya uhuru, ndege yenye alipanda juu ya bahari ya Hispania ilitekwa na kupelekwa Algeria. Algeria haikumurudisha, haikumuacha. Alikufa kule kifungoni tarehe 29 Juni 1969. Waganga waliandika kwamba ni moyo. Hakukuwa bado na miaka 50. Alizikwa Brussels.

Tazameni kaburi la kila mumoja. Mutu wa «Katanga kwa Wakatanga» analala Ubelgiji. Lumumba anazikwa kwa jino.

7. Hesabu yetu sisi

Najua mwenye atasema: «Lakini feza za Katanga zinapotea kweli.» Ndiyo, zinapotea. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena jimbo lizibakize pale pale zinapopatikana. Tuko hapa, tunajua ginsi inatumika. Kudai ile asilimia ni haki, na sisi wasomi tungepaswa kuidai kwa sauti kubwa. Lakini kudai sehemu yako ni kitu kimoja, na kumutafuta jirani wa kumuandika ku hasara ni kitu kingine. Tshombe alianza na la kwanza, akateleza ndani ya la pili.

Na mukisema «peke yetu», muniambie ni nani. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Tangu siku ile nimesikia watu wa Kolwezi wakisema Lubumbashi inakula jasho lao, na watu wa Kalemie wakisema kusini iliwasahau. Ukianza kukata, kisu hakijui fasi ya kusimama.

Niongeze neno la mutu wa kilimo. Mwaka wa 1960 Elisabethville ilikula unga mwingi wenye kutoka Rhodesia. Leo bukari yetu inangojea malori ya Zambia, na Zambia ikifunga mupaka, bei ya mufuko wa unga inapanda kabla ya jioni. Miaka zaidi ya sitini ya kugombana juu ya nani mwenye shaba, na hakuna upande wenye ulituwekea hesabu ya mahindi. Walichapa ndizi ku feza, hawakupanda.

Mwisho, rafiki yangu. Nilienda kwake kisha wiki moja kuomba radhi. Alinieleza kitu chenye miaka yote mitano ya chuo hakukisema. Mwaka wa 1992, wakati watu wa Kasai walifukuzwa hapa Katanga, wazazi wake walikuwa Likasi. Walilala ku gare miezi, wakingojea treni pamoja na maelfu ya wengine. Mutoto wao wa kwanza alikufa pale, kwa kuhara. Kisha walirudi, kwa sababu hawakukuwa na kwao kwingine. Wakati ule watu walikuwa na jina la kuwaita. Waliwaita bilulu.

Bandugu, mimi nilisomea bilulu. Katika masomo yetu bilulu ni vile vinakula mahindi, na tunafundishwa dawa ya kuviua. Ukimuita jirani yako kilulu, umekwisha kuandika dawa yake. Mutoto mwenye alikufa ku gare hakukula mahindi ya mutu.

Rafiki yangu hakuniuliza nifanye kitu. Lakini mimi nimeamua kimoja kidogo. Siku nitakaa upande ule mwingine wa meza, na dosie ziko mbele yangu, ile swali la «kwenu kabisa ni wapi» sitaliuliza. Nitauliza umesoma nini, unajua kufanya nini.

Tshombe simufanyi shetani, simufanyi baba wa taifa. Alikuwa mutu mwenye akili, alijua namba kuliko wengi wa wakati wake, na siku ile ya portefeuille alitufanyia kazi. Kosa lake lilikuwa ku mustari wa kwanza wa karatasi.

Nimesema yangu. Wenye nkambo wao wako bado hai, muwaulize juu ya wakati ule, na wakinyamaza muwaletee maji, kisha muulize tena. Munijibu hapa chini, lakini tafazali bila kutukana kabila la mutu.